Mtoto wa gredi ya tatu na maana ya neno 'kwetu'

Mwezi uliopita nilialikwa na mwalimu mmoja, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, niketi nyuma ya darasa lake la gredi ya tatu. Shule hiyo i mpakani mwa shamba kubwa la majani chai katika kaunti ya Bomet, na mtu akitazama dirishani haoni kitu ila michai iliyotandaa juu ya vilima kama mkeka wa kijani. Lilikuwa somo la Mazingira. Ubaoni mwalimu alikuwa ameandika: "Taja faida tatu za majani chai katika eneo letu."

Watoto walijibu kwa sauti moja, kwa kuwa majibu walikuwa nayo tangu jana. Chai hutuletea pesa za kigeni. Chai huwapa watu kazi. Chai ni kinywaji. Mwalimu akaridhika, nami nikaridhika, maana hayo ndiyo majibu niliyoyafundisha mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Kisha msichana mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mkono, akasema: "Mwalimu, kwetu hakuna chai. Mama huchuma chai ya kampuni." Wenzake wakacheka. Mwalimu akatazama saa yake, akasema, "Vizuri, keti," akaendelea na swali la pili.

Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Kengele ilikuwa karibu kulia, na mbele yake walikuwapo watoto 57. Hata hivyo, nilipokuwa nikirudi nyumbani sikuweza kuyasahau maneno ya mtoto yule. Naona kwamba yeye peke yake ndiye aliyejibu swali lililoulizwa. Wenzake walikariri orodha. Yeye alilipima neno "letu" na kuona kwamba halimtoshi.

Leo ningependa kuwaomba walimu wenzangu, na wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanaousoma ukurasa huu, tulitafakari somo hili ambalo aghalabu hulidharau. Hesabu huogopwa, Kiingereza huheshimiwa, lakini Mazingira huhesabiwa kuwa somo la kupumzikia. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa. Katika somo hili ndipo taifa humwambia mtoto, kwa mara ya kwanza na kwa sauti ya mwalimu, ni kitu gani kilicho chake, ni mahali gani palipo kwao, na "sisi" ni akina nani.

Wasomaji walio na umri kama wangu watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, somo la jiografia, historia na uraia lilipangwa kama viwimbi vya maji jiwe linapotupwa kidimbwini. Mtoto alianzia nyumbani na shuleni, akaenda kijijini, tarafani na wilayani, kisha akaijua Kenya, Afrika Mashariki na Afrika nzima. Mpango huo ulikuwa na busara, wala si wa Kenya pekee. Huko Japan, kwa mfano, somo la jamii huanzia gredi ya tatu, na kitu cha kwanza watoto wanachojifunza ni mji au mtaa wanamoishi: maduka yake, watu wake na kazi zao. Tangu mwaka wa 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika katika gredi za chini kote nchini, watoto wetu wa gredi ya kwanza hadi ya tatu husoma mambo hayo chini ya jina la Mazingira, yakiwa yamechanganywa na sayansi na kilimo. Somo la Jamii huja peke yake katika gredi ya nne.

Jina limebadilika, na vitabu vimebadilika. Swali linaloibuka ni hili: je, ufundishaji wetu umebadilika? Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, na nianze na nafsi yangu.

Mwaka wa 1991 nilikuwa nikifundisha darasa la tatu katika wilaya ya Kericho, wakati ambapo Bomet ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Mada ilikuwa watu wa wilaya yetu. Niliandika ubaoni sentensi moja iliyosema kwamba wakazi wa wilaya yetu ni Wakipsigis, nikawaamuru watoto wainakili. Mvulana mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Nyanza kuja kufanya kazi katika mashamba ya chai, na ambaye yeye mwenyewe alizaliwa katika zahanati ya shamba hilo hilo, aliuliza, "Na sisi, mwalimu?" Nilimjibu kwa haraka, bila ubaya wowote moyoni, kwamba wao wilaya yao ni nyingine. Aliinama akaandika.

Miezi michache baadaye mapigano ya kikabila yalizuka katika Bonde la Ufa, na mwaka wa 1992 yakafika karibu nasi. Shule zilipofunguliwa tena, dawati la mvulana yule lilikuwa tupu. Sijui alikokwenda. Sidai kwamba sentensi yangu ndiyo iliyowasha moto ule. Wenye kuuwasha walikuwa na nia zao, na Tume ya Akiwumi iliyoundwa mwaka wa 1998 iliwasikiliza mashahidi wengi juu ya jambo hilo. Ila najua kwamba watu waliowaambia jirani zao "rudini kwenu" walilitumia neno lile lile nililolitumia mimi darasani, na kwa maana ile ile. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliliona tena: wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai walikimbia Kericho wakiwa na watoto wao migongoni. Baadhi ya vijana waliowafukuza walikuwa wamepita mikononi mwetu sisi walimu, na somo la wilaya yetu walikuwa wamelifaulu.

Hapa najua kuna msomaji atakayeniambia: "Mwalimu, unasema nusu. Ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya michai?" Ana haki ya kuuliza, na swali lake ni sehemu ya pili ya hoja yangu, kwa sababu hata hilo hatulifundishi ipasavyo.

Mtoto wa Kericho husoma kwamba chai ililetwa na Wazungu, basi. Haambiwi kwamba mbegu za kwanza zilipandwa Limuru mwaka wa 1903 zikitoka India. Haambiwi kwamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani, ambao walijaribu kulima kitani wakashindwa, na kwamba kuanzia mwaka wa 1924 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yaliingia na kupanda chai kwa wingi. Haambiwi habari za ukoo wa Talai, ambao mwaka wa 1934 ulitungiwa sheria ya kuuhamisha wote, wazee kwa watoto, hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria, ambako wengi waliteseka kwa maradhi na upweke. Mambo haya si uvumi wa vijiweni. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitoa uamuzi juu ya malalamiko hayo, mwaka wa 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza, na mwaka wa 2022 walalamikaji walifika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Tunapata basi picha ya ajabu. Mtoto wa Mkipsigis hukua akisikia nyumbani kwamba babu zake waliondolewa mahali fulani, huku kitabu cha shule kikimwambia tu kwamba chai huleta pesa za kigeni. Mtoto wa mchumaji aliyetoka mbali hukua akiona kwamba mama yake huamka alfajiri kuishikilia chai hiyo, huku darasa likimwambia kwa kicheko kwamba yeye ni mgeni. Watoto wawili wameketi dawati moja, kila mmoja ana donge lake, na mwalimu aliye kati yao ana orodha ya faida tatu. Ukimya wetu hauwapatanishi. Unawaacha wakayasikie mengine kutoka kwa wanasiasa watakapofika miaka 18.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa miaka minane au tisa hawezi kubeba mzigo wa historia kama hii. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa imesemwa na walimu wema. Mimi mwenyewe nisingemsimulia mtoto wa umri huo habari za mauaji. Lakini mtoto huyo tayari anajua maana ya kunyang'anywa kitu, maana ya kuhama, na maana ya kuchekwa. Anaweza kuelezwa kwamba zamani watu fulani waliondolewa hapa bila kuulizwa, kwamba wengine waliletwa au walikuja kutafuta kazi, na kwamba wote wawili ni watu wa kusikilizwa. Mwalimu aseme mwaka, mahali na tendo. Asimfundishe mtoto nani wa kumchukia. Anayefanya hivyo hawezi kuitwa mchochezi. Katiba ya 2010 yenyewe, katika kifungu cha 39, humpa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Haki hiyo haifuti dai la aliyepoteza ardhi, wala dai hilo halifuti haki ya mtoto aliyezaliwa hapa. Watu wazima wengi hushindwa kuyashika mambo hayo mawili kwa mkono mmoja kwa sababu hawakufundishwa wakiwa wadogo. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Wapo pia watakaouliza muda uko wapi, na vitabu viko wapi. Hawa nawaunga mkono kabisa. Madarasa yetu yamefurika. Tena kuna lawama ya haki ambayo wazazi wameitoa tangu mtaala mpya uanze: kwamba kila juma huagizwa picha za kuchapishwa na manila za rangi, gharama ambazo mchumaji wa majani chai hawezi kuzimudu. Somo linaloitwa Mazingira halipaswi kununuliwa dukani. Mazingira yako nje ya mlango. Nitataja mambo matatu ambayo hayahitaji hata shilingi moja.

La kwanza ni maji. Mtoto wa mjini Bomet huvuka daraja la mto Nyangores kila siku. Mwalimu na awaulize: maji haya yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Yanatoka katika msitu wa Mau. Mbele yanakutana na mto Amala na kuwa mto Mara, yanapita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, yanaingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mtoto wa Konoin aulizwe habari za Itare na Kipsonoi, ambazo maji yake huenda Sondu, yakaendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, kisha yakaingia ziwani upande wa Nyanza. Mtoto atakayejua kwamba maji aliyoyachafua asubuhi yatanywewa na Mluo wa Sondu au Mtanzania wa Musoma amejifunza usafi, jiografia na ujirani kwa somo moja. Pia ataelewa ni kwa nini watu hugombana juu ya kukatwa kwa miti ya Mau, jambo ambalo hulisikia redioni bila kulielewa.

La pili ni mizani. Karibu na shule nyingi za Kericho na Bomet kipo kituo cha kununulia majani chai ya wakulima wadogo, wale ambao Mamlaka ya Ustawi wa Majani Chai iliundiwa mwaka wa 1964. Watoto na waende wakatazame. Kwa nini karani huyakataa majani magumu na kuyapokea majani mawili na chipukizi? Kila kilo 9 za majani mabichi hutoa kilo 2 hivi za chai kavu. Zile nyingine saba zilikuwa nini? Chai hiyo husafirishwa hadi mnada wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamia pwani mwaka wa 1969, na bei yake hutajwa kwa dola. Mtoto aliyeyaona haya ataelewa kwa nini baba yake hukunja uso bonasi inapotangazwa. Na mtoto wa mchumaji wa kampuni aulizwe naye habari za kazi ya mama yake, na za mashine za kuchumia, ambazo mwaka wa 2023 zilizusha ghasia hata baadhi zikateketezwa. Mkono wa mama yake una elimu ambayo mwalimu hana. Aieleze mbele ya wenzake.

La tatu ni safari za watu. Kila mtoto na aulize nyumbani: jamaa yetu ilifika hapa lini, na ilitoka wapi? Majibu yaandikwe ubaoni kwa mfuatano wa miaka. Mtakuta mambo ya kushangaza. Hata Wakipsigis wenyewe husimulia kwamba wazee wao walitoka kaskazini, wakapitia mlima Elgon wanaouita Tulwop Kony, kabla ya kufika nchi hii. Yupo ambaye jamaa yake ilifukuzwa kutoka shamba fulani na kuhamia Chepalungu. Yupo ambaye babu yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai, na yupo aliyefika mwaka jana kutoka Vihiga. Mwishoni mwalimu aandike katika mstari huo huo kitu kimoja zaidi: mchai. Mchai nao ulifika, na ulifika juzi tu, ukilinganishwa na wazee wetu. Kama mmea uliotoka India tumekubali kuuita "chai yetu", kwa nini mtoto aliyezaliwa chini yake aitwe mgeni?

Swali hilo halina jibu la kukariri. Ndiyo sababu linafaa.

Naomba pia tusisahau lugha. Sera ya elimu yetu husema kwamba katika gredi za chini mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Vijijini lugha hiyo ni Kipsigis, na ni vizuri ikae. Lakini katika shule za mashambani, ambako Mkipsigis, Mgusii, Mluo na Mluhya huketi pamoja, lugha ya eneo ni Kiswahili, na mwalimu anayetumia Kipsigis peke yake kwa sababu watoto walio wengi wanakijua humrudia yule mvulana wangu wa mwaka wa 1991 kwa njia nyingine. Dkt. Taaitta Toweett, mwana wa Kericho aliyepata kuwa Waziri wa Elimu, na ambaye mwaka wa 1976 alichaguliwa kuwa rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO jijini Nairobi, aliipenda lugha ya mama yake na kuiandikia vitabu. Mapenzi hayo hayakumfungia mlango wa kuongea na dunia.

Kwa wakuza mitaala na wakaguzi nina ombi moja. Mwalimu wa gredi ya tatu akikutwa nje ya darasa, amesimama na watoto wake mtoni au kwenye mizani, asiandikiwe barua ya kujieleza. Na kwa wakurugenzi wa elimu katika kaunti zetu: tunahitaji kijitabu kidogo cha historia ya eneo hili, kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kwa haki, kisichomwogopa mwenye shamba wala kumpendelea mwanasiasa, ili mwalimu asitegemee kumbukumbu zake peke yake.

Siku ile baada ya kipindi niliketi na mwenyeji wangu chini ya mti, tukanywa chai. Nilimsimulia habari za mvulana wa mwaka wa 1991. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye alikuwa katika darasa lile, na kwamba dawati lililobaki tupu lilikuwa la nyuma yake. Miaka hiyo yote hatukuwahi kulizungumza.

Juma lililofuata alinipigia simu. Alikuwa amemwita msichana yule mbele ya darasa na kumwuliza mama yake huchuma kilo ngapi. Mtoto alijibu kwamba siku nzuri hufika 36. Darasa likapiga hesabu kwa mafungu ya kilo tisa tisa, likapata kilo 8 za chai kavu. Mtoto mmoja akauliza vikombe ni vingapi. Kengele ililia kabla hawajamaliza, akaniambia mwalimu, na watoto walikataa kutoka.